Sheria ya Makaburi

Mume wangu alikwenda Kinshasa kwa sababu ya kaburi la baba yake. Mkwe wangu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai akiwa kijana, akafanya kazi mgodini mpaka uzee, akazikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi karibu na mtaa wetu. Mgodi ulipopanuka, makaburi yale yalihamishwa. Hakuna aliyetuita. Tulikwenda kufyeka majani kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tukakuta uzio. Mlinzi alituambia mifupa ilizikwa pamoja, upande wa njia ya Nzilo. Nani ni nani, hakujua.

Mume wangu alikuwa karani wa mahakama. Aliposikia kwamba mbunge wa kwetu anaandaa pendekezo la sheria, kaburi lisiguswe bila familia kujulishwa na kuwapo, alimwendea. Mbunge akamchukua awe msaidizi wake.

“Kikao kimoja tu, mama,” aliniambia. “Nitarudia mbele ya mvula.”

Njia ya sheria niliijua kwa simu zake. Kwanza pendekezo lilipelekwa serikalini ili itoe maoni. Kisha wabunge wote wakakaa, wakakubali lijadiliwe. Nikafikiri yamekwisha.

“Bado,” alisema. “Sasa banaituma mu komisyo.”

Kamisheni, alinieleza, ni wabunge wachache wanaolipitia neno kwa neno. Humo likakaa mpaka kikao kikafungwa. Mvua ilianza, yeye hakuja. Alibaki kuandaa majibu ya maswali yao.

Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Mimi nikiwa nimeshakula na watoto, yeye bado alikuwa anangoja gari la kurudi alikopanga. Nilipopika bukari, ugali wetu, mkono wangu ulikataa kupunguza unga. Kila siku ilibaki sehemu ya mtu mzima. Kanisani niliwaachia wengine benchi letu nikakaa nyuma, nisione pengo karibu yangu.

Kikao kilichofuata, Bunge lilipiga kura, kifungu baada ya kifungu, likapitisha. Nilifua mashuka, nikijua sasa anarudi. Jioni simu ikalia.

“Inaenda ku Senat,” alisema polepole, kama mtu anayetoa habari ya mgonjwa.

Maseneta waliipitisha, lakini walibadilisha maneno. Wao walitaka familia “ijulishwe” tu. Wabunge walitaka pia “iwepo”. Mabaraza mawili yasipokubaliana, huchaguliwa watu wa pande zote wakae pamoja watafute maneno mamoja. Nikamwambia hilo ni neno dogo, arudi.

“Baba alihamishwa, mi sikuwepo,” alijibu. “Ndiyo ile neno.”

Sikumwambia tena arudi. Lakini niliwaza kwamba na mimi nina neno hilo hilo, awepo, na hakuna baraza lililonijadili.

Neno lilibaki. Mabaraza yote mawili yakakubali, Rais akatia sahihi, sheria ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Mume wangu alirudi amekonda. Binti yetu mdogo alimwamkia kama mgeni, akajificha nyuma yangu.

Siku chache baadaye nilimuuliza, “Sasa baba ya batoto, bale ba kampuni batatuonyesha fasi baba yako eko?”

“Hapana. Sheria haiangalie nyuma. Baba alihamishwa wakati sheria haikuwa bado.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

“Sasa juu ya nini ulikaa kule?”

“Juu ya baba ya batu bengine.”

Nilikasirika, nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mwaka uliofuata, mama mmoja jirani alipata barua kwamba kaburi la mama yake litahamishwa, na siku ikatajwa. Alituomba tumsindikize. Tulisimama chini ya jua huku wachimbaji wakichimba kwa majembe, si kwa tingatinga. Walipofikia jeneza, mkubwa wao aliinua mkono, wote wakatulia. Jirani yetu akamwita mama yake kwa jina, akamwambia wanamhamisha na asiogope.

Mume wangu alivua kofia. Jirani alipomaliza, yeye alipiga hatua mbele, midomo yake ikatikisika kidogo kwa Tshiluba, lugha ya baba yake. Sikusikia alichosema. Nilisogea nikasimama karibu yake mpaka gari la jeneza lilipoondoka.