Tuliwapokea wakimbizi huku Ufipa, kidogo watukimbie na sisi

Wakubwa shikamooni, washikaji mambo vipi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Chumvi nimetia kiasi, maana hata maharage ya Ufipa, pamoja na utamu wake wote, hayaliwi bila chumvi. Ila ukifika kijijini kwetu, upande wa Kaengesa huku Sumbawanga, ukauliza, utasimuliwa hivi hivi. Labda waniongezee aibu.

Na ninyi mkisikia Sumbawanga mnawaza ungo na radi, tulieni. Humu hakuna ungo.

Iko hivi.

Vurugu zilichachamaa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Watu wakavuka na walichoweza kubeba kichwani. Wakati magari ya kuwapeleka kambini Kigoma yanasubiriwa, familia chache zikaletwa huku juu kwetu, zikakaa kwenye ghala la mahindi la kijiji.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, mahindi bado yako shambani, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu. Mlikuwa na panya tu, nao wamekonda mpaka paka anawaonea huruma.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti Mzee Deodatus, mtu ambaye akianza hotuba mgonjwa anapona halafu anaugua tena. Mama Leokadia wa jumuiya akapewa jiko. Mimi nikapewa ukalimani, kwa sababu nimemaliza form four kwa masomo ya usiku, na huko nilidokoa Kifaransa kidogo.

Siku wanashuka kwenye lori nikajitokeza mbele, kifua nje, nikasema "Bonjour!" mpaka ng'ombe wakageuka.

Mama mmoja, Mama Esperance, akanitazama kwa huruma. "Jambo baba. Sisi tunasikia Kiswahili."

Ukalimani wangu ukaishia hapo hapo. Nikapewa kazi ya kuchota maji.

Huyu Mama Esperance mumshike vizuri. Kwao alikuwa muuza vitenge mjini, kando ya ziwa. Alikuja na binti yake, Esperance mwenyewe, mwenye tumbo la kujifungua wiki yoyote. Mume wa binti walipotezana naye kwenye kuvuka.

Wakuu, kijiji kilijitoa. Ulezi ulikuja, maharage yakaja, samaki wakapanda kutoka Muze, bondeni Ziwa Rukwa. Mzee Sudi, mwenye duka mjini, akaleta Fuso la mablanketi, akakataa hata kupigwa picha. Kuku walitolewa kwa wingi mpaka jogoo waliobaki wakaacha kuwika, wasijulikane walipo.

Mzee Deodatus akaona haitoshi. Chakula cha leo kinaisha leo, akasema, tuwape na shamba. Nyuma ya ghala kuna uwanja wa nyasi. Tutawalimia maharage pale, yakikomaa tuwapelekee hata huko kambini.

Kwa wasiojua kilimo chetu: Mfipa hachomi nyasi. Mvua zikikaribia kuisha anazilaza, anazifunika kwa udongo, anainua tuta la mviringo tunaloliita ntumba. Nyasi zinaozea humo ndani, zinakuwa mbolea ya bure. Na hulimi peke yako. Unapika kimpumu, pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe na nyimbo.

Basi kwenye hotuba ya kuwakaribisha, Mzee akanyoosha fimbo kuelekea kule nyuma, ambako tulikuwa tumeshainua matuta machache.

"Wageni wetu, msiwe na wasiwasi. Mahali penu pale tumeshaanza kupaandaa. Kila familia itapata sehemu yake." Akamwangalia Esperance, akatabasamu. "Hata huyu aliye njiani, lake tumeshalichimba."

Sisi tukapiga makofi. Wageni hawakupiga. Tukasema wamechoka na safari.

Tukaanza kazi. Kila asubuhi majembe begani, nyimbo, matuta yanainuka. Jioni kimpumu, vicheko, mimi nikicheza mpaka viatu vinaomba msamaha.

Ila wageni wakaanza kubadilika. Chakula wanagusa tu. Watoto hawatoki nje. Dirisha la nyuma wakaliziba kwa blanketi la Mzee Sudi.

Kamati ikakaa kikao cha dharura.

"Ni huo ugali wa ulezi," akasema Mzee Deodatus. "Wamezoea muhogo mweupe. Wameona weusi ule wakaogopa."

"Ugali wangu?" Mama Leokadia akasimama. "Mzee, wewe ndiye umewachosha. Mtu amekimbia vita, unamsimamisha juani unamhutubia mpaka kivuli kinahamia upande wa pili!"

Mimi nikasema huenda kuna mpuuzi amewaambia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hilo liliwatia baridi wote. Tukakubaliana kesho tupike wali.

Kesho asubuhi tunafika na sufuria la wali, tunakuta mizigo imefungwa. Wote wamesimama mlangoni. Esperance ameshika kiuno, miguu imevimba.

Nikaweka sufuria chini. Barabara ya kurudi ziwani ni mteremko wa kuua punda, mvua bado inanyesha. Yule binti asingefika. Angezalia njiani kwenye tope, na magari ya Kigoma yangekuja yakute ghala tupu.

"Mama Esperance, tumewakosea nini?" Mzee akauliza. Kwa mara ya kwanza maishani sentensi yake ilikuwa moja.

"Hapana baba. Munatupa chakula, munatupa blanketi. Mungu abalipe. Lakini sisi tunarudia."

"Mnarudi wapi?"

"Kule tulitoka."

"Si kuna risasi?"

"Iko. Lakini ile tunaijua."

Mzee Deodatus akakaa juu ya gunia.

Yule mama akavuta pumzi. "Baba, uniambie kweli mbele ya Mungu. Bale bote balikufa na nini?"

"Akina nani?"

Akalivuta lile blanketi dirishani. Kule nyuma matuta yametulia, mistari kwa mistari, udongo mbichi.

"Siku tulifika makaburi ilikuwa kidogo. Kila asubui munaenda na majembe, munaimba. Mangaribi yameongezeka. Kisha munakunywa pombe, munacheka!" Akamnyooshea Mzee kidole. "Na huyu papa alisema ile fasi ni yetu. Akaangalia tumbo ya mutoto wangu, akasema hata ya huyu iko tayari!"

Wakuu, kamati nzima tukageukia dirisha, tukayatazama matuta yetu upya.

Mimi msomi nikajaribu kuokoa jahazi. "Lakini mama, kaburi la mviringo umeliona wapi?"

"Nilisema pengine kwenu munazika muntu akiwa ameikaa."

 Mama Leokadia akachukua jembe, akaenda, akapasua tuta la kwanza. Nyasi zilizoanza kuoza, zinafuka mvuke. Basi.

Mama Esperance akachungulia. "Hii mulitayarisha. Pasua ile."

Likapasuliwa lile. Nyasi.

"Na ile ya kule mbali."

Nyasi.

Mwisho akanyang'anya jembe, akaanza kuchagua mwenyewe. Kazi ya kijiji kizima na mapipa ya kimpumu inafumuliwa mbele ya macho yetu. Mzee Deodatus anamfuata nyuma, analia kwa sauti ndogo: "Mama yangu, hilo ni nyasi, nakuapia... na hilo pia, mama..."

Alipofika katikati ya shamba akasimama. Akaangalia jembe, akaangalia nyasi, akamwangalia Mzee. Kicheko kilichomtoka, nadhani hata Milepa kule bondeni walikisikia. Alicheka mpaka akakalia tuta, halafu akalia, halafu akacheka tena. Esperance akaweka mzigo chini.

Wali ukaliwa wote. Mimi nikaambulia ukoko.

Matuta tukayainua upya, na siku hizo hizo Esperance akajifungua kwenye zahanati, mtoto wa kiume mwenye sauti ya mwenyekiti. Magari yalichelewa, kitovu cha mtoto kikaanguka wakiwa bado kwetu. Asubuhi moja Mama Esperance akamwendea Mzee shambani, kitovu chenyewe, kikavu, amekifunga kwenye kipande cha kitenge.

"Papa, ile tuta ya huyu mutoto, ni gani?"

Mzee akamwonyesha. Yule mama akachimba kwa mkono, akakifukia kitovu mle, akapanda maharage juu.

Mzee Deodatus alifungua mdomo kuhutubia. Badala yake akapiga magoti, akamsaidia kusawazisha udongo.

Somo nililopata: mgeni aliyekimbia vita, kabla ya kumpa sahani mtembeze. Mwonyeshe choo, kisima, shamba, mwambie kila kitu ni cha nini. Sisi tulidhani tunaonekana wema, kumbe tunaonekana wachimba makaburi wenye furaha.

Walienda Kigoma salama, na gunia la maharage tuliwatumia. Msimu uliofuata tukasambaza matuta yote tupande ulezi, kama desturi. Lile moja Mzee hakuruhusu jembe liliguse. Anasema pale pana mtu wetu.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kumsaidia mtu mpaka mtu akafunga mizigo? Msiniache na aibu hii peke yangu. Na wa Kifaransa, mtaniwia radhi, nilishastaafu.