Nani Alikuwa Akiingiza Hewa Kwenye Mabomba ya Bi Enid?

Nilikuwa nimeinama kwenye sinki la jirani, mpira wa maji mkononi. Ncha moja nimeifunga kwenye koki ya maji baridi, ncha nyingine kwenye koki ya maji moto.

"Uko tayari?" nikauliza.

"Niko tayari!" Rosalind akajibu kutoka juu ya ngazi. Alikuwa amesimama chini ya kimlango cha dari, sikio amelielekeza juu.

Nikafungua ya moto kwanza. Kimya.

Nikafungua ya baridi, taratibu. Mpira ukakakamaa mkononi. Ndani ya ukuta kukaanza kugonga, du, du, du, halafu ikaja sauti ninayoipenda: tangi la darini likibwabwaja.

"Inatoka! Kaka Alwyn, hewa inatoka, naisikia!"

Nikafunga zote mbili, nikaondoa mpira, nikafungua koki ya moto peke yake. Ikakohoa. Ikanitemea maji usoni. Kisha ikatiririka, na baada ya muda mvuke ukaanza kupanda.

Rosalind akashuka mbio, akaweka mkono chini ya maji, akaanza kulia.

Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, muuguzi, analia kwa sababu ya maji moto.

Mama yake, Bi Enid, alikuwa amekaa mezani na chai yake. "Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Umefanya kazi nzuri."

Lakini uso wake niliuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa habari mbaya, naye anajikaza zisionekane.

Nikajiambia labda amechoka. Nikakunja mpira wangu, nikaondoka.

Ile haikuwa mara ya kwanza kuitoa hewa ile. Na sikuamini kwamba itakuwa ya mwisho.

Mimi naishi hapa katika mji mdogo wa Todmorden, mlango wa pili kutoka kwa Bi Enid. Maisha yangu yote nimesambaza maziwa nyumba kwa nyumba. Mambo ya mabomba nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima maktaba na kwa kulowesha zulia la mke wangu. Sijiiti fundi. Ni jirani mwenye mpira.

Nyumba za mtaa wetu ni za mawe, na mabomba yake ni ya kizamani. Juu darini kuna tangi la maji baridi. Maji yanashuka kutoka humo hadi kwenye tangi la shaba, lile linalokaa ndani ya kabati la taulo. Yakishapata moto yanateremka kwenye koki kwa uzito wake tu. Hayana nguvu. Hewa kidogo ikinasa bomba linapopinda, maji yanasimama nyuma yake na hayasogei.

Koki ya baridi ya jikoni ni jambo jingine. Hiyo inatoka moja kwa moja barabarani, ina nguvu za ajabu. Ndiyo maana unaziunganisha: yenye nguvu inairudisha hewa ilikotoka.

Kwa hiyo kuitoa hewa ni kazi ya dakika chache. Kazi ngumu ni kujua inaingilia wapi.

Nilipanda darini kwa Bi Enid. Tangi limejaa. Boya linapanda na kushuka vizuri. Bomba halijachakaa, halivuji. Kikongwe anayeishi peke yake hawezi kuoga mpaka akamaliza tangi zima.

Kila kitu kilikuwa sawa, na kila baada ya siku chache koki ilikauka.

Jamani, nilianza kukosa usingizi kwa ajili ya nyumba isiyo yangu.

Siku ile aliyolia, Rosalind alinisindikiza mpaka kwenye geti. Mvua ilikuwa inanyunya. Akajifunga koti, akasema, "Kaka Alwyn, nimeamua. Naacha kazi."

"Kazi ya hospitali?"

"Ijumaa namwambia mkuu wangu. Nahamia hapa kwa Mama."

Rosalind anauguza watoto wachanga huko jijini Leeds, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Ukimuuliza habari za kazi, chai yako itapoa hajamaliza. Anawazungumzia wale watoto kana kwamba kila mmoja ni wa kwake.

"Kwa sababu ya maji moto?" nikauliza.

"Kila jioni naendesha gari kutoka Leeds, nachemsha sufuria, napandisha ngazi nimebeba maji ili Mama aoge. Usiku nawaza, akibeba mwenyewe akajimwagia je? Siwezi tena kuwa huku na kule."

"Na zile nyumba za wazee kule kando ya mfereji? Nasikia kuna nafasi."

Akanikatiza palepale. "Baba aliniapisha. Alinishika mkono hivi, akasema, mama yako asitolewe kwenye nyumba yake. Nikamwambia sawa. Sasa nitafanyaje?"

Baba yake, marehemu Wilfred, namkumbuka. Mtu mwema, ila akishasema amesema.

Nikaenda nyumbani na shauri lile moyoni. Hewa ya bomba ilikuwa inamfukuza mtu kazini.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Rosalind. "Imekauka tena," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Nenda kaangalie, tafadhali. Nina jambo moja la kumaliza hapa, halafu nakuja."

Nikabeba mpira, bisibisi na tochi.

Bi Enid akanifungulia. "Pole kwa usumbufu, mwanangu. Utakunywa chai?"

"Kama unajitengenezea na wewe."

"Sikuwa na mpango, lakini kama wewe utakunywa."

"Usihangaike kwa ajili yangu, Bi Enid."

"Si kuhangaika."

Ndivyo tulivyo huku. Watu wawili wenye kiu wanaweza kusimama mlangoni robo saa, kila mmoja anangoja mwenzake ndiye atake chai.

Safari hii sikuufunga mpira. Nilipanda ghorofani, nikaanza kufuata bomba kwa mkono, kipande kwa kipande, kutoka bafuni hadi kwenye kabati la taulo. Nikatoa taulo moja moja, nikazipanga kitandani kama nilivyozikuta.

Nyuma ya taulo, chini kabisa, kuna koki ya kufungia yenye gurudumu jekundu. Ndiyo inayoruhusu maji ya darini kuingia kwenye tangi la shaba. Koki za namna ile hazishikwi miaka na miaka. Zinaota kutu, zinafunikwa na vumbi.

Ile ilikuwa safi. Chuma chake kiling'aa. Na kando yake palikuwa na kitambaa cha kukaushia vyombo, kimekunjwa vizuri, cha kumsaidia mtu mwenye vidole dhaifu kushika gurudumu.

Nikabaki nimechuchumaa pale.

Ukifunga koki ile, kisha ukafungua maji moto jikoni, yatatoka kidogo na kukatika. Mahali pa maji hewa inaingia. Funga ya jikoni, rudi ufungue ile ya kabatini. Fundi yeyote akija atakuta kila kitu kimefunguliwa, kila kitu kizima.

"Umeiona," sauti ikasema nyuma yangu.

Bi Enid alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai.

Sikugeuka haraka. Sikutaka ajione amekamatwa. "Wewe goti linakuuma," nikasema. "Unachuchumaaje hapa?"

"Napiga magoti kwenye mto. Kuinuka ndiyo kazi." Akaweka vikombe juu ya kabati. "Wilfred alinionyesha hiyo koki zamani, akibadilisha kile kimpira cha ndani ya koki ya bafuni. Baada ya kuifunga na kuifungua, maji moto yaligoma siku nzima. Nikalikumbuka hilo."

"Lakini kwa nini, Bi Enid?"

Akakaa kitandani, katikati ya taulo zake.

"Nataka kuhama," akasema.

Ilimtoka kwa sauti ndogo sana.

"Rafiki yangu Nesta yuko kule kando ya mfereji. Wanacheza karata kila mchana. Hakuna ngazi. Usiku mtu akianguka anavuta kamba, wanakuja. Mimi hapa nasikiliza saa ya ukutani, mwanangu. Tangu Wilfred aondoke nasikiliza saa."

"Si umwambie Rosalind."

"Nitamwambiaje? Amemwapia baba yake. Nikisema nataka kutoka, itakuwa nimewageuka wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Nikafikiri nyumba ikishindwa, hakuna atakayekuwa na lawama. Nyumba itakuwa ndiyo iliyosema."

Kwa kuwa hakuna kilichoharibika, kwa siku kadhaa nilikuwa nashuku kuna mkono wa mtu. Nilimshuku mpaka Rosalind mwenyewe, Mungu anisamehe. Huyu bibi hakunipitia kichwani.

Ikabidi nimwambie. "Bi Enid, Rosalind anaacha kazi. Anahamia hapa. Kesho anamwambia mkuu wake."

Akanitazama kana kwamba sizungumzi lugha yake.

"Anaacha watoto wake?"

"Kwa sababu ya maji moto."

"Hapana." Akashika ukingo wa kitanda. "Hapana, hapana. Nilidhani atachoka. Mtu yeyote angechoka, kupandisha yale masufuria! Nilikuwa nahesabu kwamba wiki hii atakata tamaa."

"Hakukata."

"Ana kichwa cha baba yake yule," akasema, na machozi yakaanza.

Tukasikia gari likisimama nje. Akafuta machozi, tukashuka jikoni.

Rosalind aliingia na mfuko wa keki. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Akambusu mama yake, akaweka birika jikoni, akasema mvua itakatika jioni. Bi Enid akasema ndiyo, labda. Rosalind akasema keki ni za tangawizi. Bi Enid akasema zinaonekana nzuri.

Mimi nilisimama kwenye sinki na mpira wangu, nangoja. Wakaendelea kuzungumza habari ya mvua.

"Haya, Kaka Alwyn," Rosalind akapiga makofi. "Tuitoe hiyo hewa. Naenda kwenye zamu yangu ya kusikiliza." Akaanza kupanda.

Nikafunga ncha zote mbili. Nikafungua ya moto. Mkono ukafika kwenye ya baridi, ukakataa.

"Uko tayari?" akaita. "Mimi niko tayari!"

Nikamtazama Bi Enid. Alikuwa ananitazama mkono.

"Rosalind, dada yangu," nikaita. "Shuka kwanza. Mama yako ana neno."

Akashuka polepole. Bi Enid akaisukuma sahani ya keki pembeni.

"Ni mimi," akasema. "Hewa. Naiingiza mimi."

Akaeleza yote. Kitambaa, gurudumu, mto wa magoti. Nesta na karata. Hakuacha kitu. Sijawahi kumsikia bibi yule akisema maneno mengi kiasi kile bila kuomba radhi katikati.

Rosalind alisikiliza amesimama. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga.

"Nimeshamwambia," akasema.

"Nani?" mama yake akauliza.

"Mkuu wangu. Nilishindwa kungoja Ijumaa. Leo asubuhi nimemwambia. Wenzangu wamenikumbatia mmoja mmoja. Ndiyo maana nimechelewa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Hizo keki wamenipa wao, Mama. Za kuniaga."

"Nilimwapia Baba," akasema. "Alinishika mkono. Nimebeba maji ngazi hizo kwa sababu ya Baba."

"Najua."

"Ungesema! Neno moja tu, ungesema!"

"Na wewe ungeuliza," Bi Enid akajibu, kwa upole uliouma. "Baba yako alikuapisha wewe. Mimi nilikuwa chumba cha pili, natengeneza chai. Hakuna aliyetoka kuja kuniuliza."

Rosalind akachukua funguo zake, akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu kabisa, nami ningependelea aubamize.

Dirishani tulimwona ameketi ndani ya gari, mvua inashuka kwenye vioo, simu mkononi. Hakupiga. Hakuondoka pia.

"Watamrudisha kazini?" Bi Enid akaniuliza.

"Sijui. Akiomba leo, huenda."

"Na mimi atanisamehe?"

"Sijui, Bi Enid."

Sikutaka kumdanganya. Siku ile uongo wa kupoza moyo ulikuwa umeshatosha nyumba ile.

Akasimama, akajitwalia koti lake kwenye msumari. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Akatoka kwenye mvua, bila mwavuli, akashikilia ukuta mpaka akafika kwenye gari. Akagonga kioo. Muda ukapita. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguliwa kutoka ndani, akaingia.

Waliyozungumza mle siyajui. Nilifunga koki ya moto, nikauacha mpira kwenye sinki, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtu wa kuhubiri. Ila kama mnamtunza mzazi, kabla hamjamwapia mtu yeyote jambo lolote kuhusu maisha yake, nendeni mkamuulize mwenyewe. Na wewe mzee unayetunzwa, kama kuna kitu unakitaka, kiseme kwa mdomo wako, hata sauti ikitetemeka. Anayekupenda hawezi kuona ndani ya ukuta. Atahangaika na mabomba mpaka aishe.

Naandika haya jioni hiyohiyo. Gari bado liko pale nje, taa ya ndani inawaka.

Hewa nayo bado iko bombani, sikuitoa. Nitaenda kesho asubuhi, kama watanifungulia.