Mkono wa Baba Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu, msumeno wa umeme ulilia sauti ambayo ningali naisikia. Siku zote uliimba tu ukipasua mbao. Siku hiyo ulikwama, ukakoroma, ukazimwa. Nilikuwa mlangoni pa karakana, pale Sotik, na birika la chai ya mafundi mkononi na wewe tumboni. Baba yako alikuwa ameketi kwenye unga wa mbao, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba kifaranga.

Kabla ya ufundi alichuma majani chai miaka mingi, na wachumaji hufunga vidole kwa vitambaa ili visichanike. Basi akaendelea hivyo hivyo kwenye mbao, akidhani anajikinga na vibanzi. Meno ya msumeno yakashika kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Kile chuma cha kufunika meno kilikuwa kimetolewa zamani, ati kinachelewesha kazi. Hospitalini waliokoa walichoweza, lakini vidole viwili vilienda.

Kidonda kilipona, yeye bado. Unajua kwetu ni kushikana mikono kila mahali, kanisani, sokoni, hata njiani ukienda kupeleka maziwa. Akaanza kukwepa watu. Mkono ukahamia mfukoni. Ulipozaliwa alikutazama mpaka macho yakalowa, lakini kukubeba akakataa. "Nitamwangusha," alisema. Na mimi, mtu wa kuota ndoto mchana, nilikuwa nimeshawaona nyinyi wawili mkipanda kilima, wewe mabegani mwake. Ukaanza kutabasamu, na bado hajakugusa.

Ndipo kogo, nyanya yake, akaja kutoka Chebunyo kukuona. Baba yako akampa mkono wa kushoto. Kumpa mzee kushoto ni matusi, na alijua. Kogo akautazama tu mpaka ukarudi chini.

"Mimi sijatoka Chebunyo kusalimiwa na kushoto. Lete ule mwingine."

"Kogo, ni mbaya."

"Kwani nimeuliza kama ni mzuri?"

Akautoa. Kogo akaushika kwa mikono yake yote miwili, akapitisha kidole juu ya kovu, polepole, wala hakuuachilia.

"Ng'ombe wangu yule mwekundu ako na chuchu tatu, ya nne ilikufa. Umewahi kusikia ndama wake akilalamika? Amenona kukushinda."

Baba yako akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Kogo akangoja kiishe.

"Huyu mtoto hajawahi kuona mkono wako wa zamani," akasema. "Kwake huu ndio mkono. Ukiendelea kuuficha, atakua akijua baba yake ako na mfuko tu."

Baba yako akaketi, akafungua mikono, nami nikakuweka. Wewe ukapiga miayo, ukalala.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Ukishika kazi ya mashine, usikubali ile iliyovuliwa kinga, hata tajiri akikuita mwoga. Kitambaa, glavu, mikono mirefu ya shati, vyote viweke mbali na kitu kinachozunguka. Zima kwanza, ndipo uguse. Kazi iliyochelewa itamalizika kesho, lakini kidole hakirudi. Na ukikutana na mtu aliyepoteza kidole, mshike mkono huo huo, umshike sawasawa, usitazame kando. Ikiwa ni wewe umepoteza, Mungu apishe mbali, utoe mkono usalimiwe. Mungu ailinde mikono yako, aipe kazi, na aipe mtu wa kuishika.

Mchana ule baba yako alimpeleka kogo nje kuona ng'ombe wetu. Nikabaki nyumbani na wewe, umelowa. Nikakunja vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, nikajaribu kukufunga nepi kwa vilivyobaki. Fundo likafunguka. Nikajaribu tena, polepole, likashika.