Uzi wa Sare za Kwaya

Shangazi yetu alikuwa fundi cherehani, na mkasi wake ulikuwa wa kitambaa tu. Uzi aliukata kwa meno. Wateja walimtania, "Fundi, ukizeeka utafunga kibanda!" Naye alicheka, akakata mwingine.

Binti yake wa pekee, Kidoti, alimpata watu walipokwisha kukata tamaa. Alimlea hapohapo kibandani, kando ya cherehani. Mtoto akilia, alichovya chuchu ya mpira kwenye asali, akampa, kimya kikarudi, kazi ikaendelea. Kidoti alipojua kusimama, naye akaanza kuokota vipande vya uzi na kuvikata kwa meno, kama mama yake.

Siku moja Shangazi akaona doa la kahawia kwenye jino.

"Mama, nimpeleke kwa daktari wa meno?" alimuuliza bibi yetu.

"Meno yenyewe yako wapi? Hayo ni ya maziwa, yatang'oka tu. Wewe nilikupeleka wapi, na leo unatafuna uzi kama panya?"

Wakacheka. Shangazi akashusha pumzi, maana jibu hilo ndilo alilolitaka. Sare za kwaya ya kanisa zilikuwa zimemjazia meza, na wanakwaya hawaishi kupita kuziulizia.

Doa likawa shimo. Kisha akamwona Kidoti anakata uzi kwa upande wa kushoto, yeye ambaye siku zote alitumia wa kulia. Mguu ukasimama juu ya pedali.

"Linauma, mwanangu?"

Mtoto akanyoosha mkono kuomba asali. Akampa.

"Nikimaliza sare," alijiambia, "nampeleka."

Zilipobaki kola tu, Kidoti aliamka shavu limevimba hadi shingoni, hawezi kumeza hata mate. Hospitalini walihangaika naye. Daktari wa meno alizungumza kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Shangazi.

"Mtoto huletwa jino la kwanza likichomoza, mama, au walau kabla hajatimiza mwaka. Doa ningelitibu likiwa doa."

Usaha ulikuwa umeshuka shingoni, ukaziba pumzi. Kidoti hakurudi nyumbani.

Msibani bibi alimkumbatia. "Mungu amempenda zaidi, mwanangu."

"Mama, Mungu tusimsingizie. Alituonyesha doa, tukalicheka."

Mpaka leo sisi tunaowaombea Shangazi na bibi hatujui tuanzie wapi.

Kwaya ilikuja kuzika imevaa sare mpya. Kando ya kaburi, Shangazi akaona uzi unaning'inia kwenye mkono wa sare ya mwimbaji mmoja. Kwa mazoea akaushika, akainama, akaupeleka mdomoni. Meno yakakataa kukutana. Akauachia taratibu.

"Nani ana mkasi?" akauliza.