Bibi Harusi Hacheki

Pale Mayfair, Johannesburg, ukitaka bibi harusi apambwe akapambika, humtafuti mwengine ila Bi Duni. Ni mtu wa Unguja, mjane, mdomo wake hauna breki lakini mkono wake una baraka. Kwenye ukuta wa saluni yake katundika picha ya Mona Lisa, yule mama wa Kitaliano, aliyoikata kwenye kalenda.

"Anacheka nini huyu?" kila anayeingia huuliza.

Shekinah, msusi wa Kikongo wa mlango wa pili, hushikilia kwamba yule mama anajua siri ya bwana wa mwenzake. Bi Duni hataki hata kusikia.

"Siri gani, shoga? Huyo ni bibi harusi, kakalishwa atazamwe. Mikono kaiweka, mdomo kaufumba. Somo wake aliyemfunda kamkataza kucheka, na kicheko kimemjaa tele. Miaka mia tano watu wanamtazama, na bado hajakitoa!"

Ndivyo anavyowafunda mabinti wa Joburg, ambao kwao arusi bila kuchekea simu si arusi. "Bibi harusi hacheki, mwanangu. Ukicheka watasema ulikuwa na haraka ya mume." Na akimpaka mtu poda tu, keshamsoma: huyu kapenda, huyu kasukumwa, huyu viatu vinambana.

Lakini mganga hajigangi. Binti yake wa pekee, Samira, anayesoma chuo kule Braamfontein, aliposwa na Fahad, kijana anayehamia Durban kikazi. Mama akamuuliza, "Unamtaka?" Samira akainamisha uso, akatoa tabasamu dogo la pembeni, akaenda zake kuosha vyombo. Basi! Kimya cha mwanamwali ni ridhaa, vigelegele vikapigwa.

Bi Duni naye alipiga, ila moyo haukutulia. Yeye mwenyewe aliolewa kwa kimya, na kimya chake kilikuwa hofu tupu. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Baadaye alikuja kumpenda marehemu mumewe, alhamdulillahi, lakini bahati haigawiwi watoto kama kanga.

Siku ya arusi ikafika. Bi Duni yuko chumbani, kwake nyuma ya saluni, anamtia binti yake wanja, na sebuleni ami yake Samira, Mzee Suhaib, kakaa na mashahidi wanasubiri kuja kuchukua idhini. Lile tabasamu likawa liko pale pale mdomoni. Bi Duni akalitazama, akalitazama tena, asiambulie kitu. Akaiweka kalamu ya wanja chini.

"Samira, wallahi leo sitaki kimya. Kama humtaki, sema. Ami yako nitamrudisha mimi, na pilau watakula majirani."

"Eish, Mama!"

"Usiniletee eish. Sema!"

Macho ya Samira yakajaa maji. "Namtaka, Mama. Namtaka mpaka naona haya. Ila kila nikitaka kucheka nakuona wewe, umebaki humu ndani, unakula peke yako. Nitachekaje mbele yako?"

Loo! Bi Duni akakaa kitandani kwa kishindo. Siku zote hizo anatafuta huzuni iliyofichwa, kumbe mtoto anamfichia furaha.

"Cheka, mwanangu," akasema. "Cheka mpaka magego yaonekane."

Samira akacheka huku analia, wanja ukamchuruzika mashavuni. Tabia, wifi yake Bi Duni, akachungulia mlangoni, mkono kifuani. "Jamani! Watu wanasikia huko nje!"

"Wasikie! Mwite kaka yako aje, mtoto ana jibu."

Mzee Suhaib akaja na mashahidi wake, akauliza, na "ndiyo" ya Samira ikafika mpaka jikoni. Kigelegele cha kwanza alikipiga Bi Duni mwenyewe, kirefu, hata Shekinah akatoka saluni kwake kuja kutazama. Kisha Bi Duni akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia, kwa sababu ni kweli alikuwa anabaki peke yake.