Sifuri Iliyomliza Mama

Wiki jana, katika ofisi moja hapa Lodwar, nilimwona mama akilia mbele ya ubao wa matangazo. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan, amekuja kwa lori toka kambi ya Kakuma kuangalia kama amepata nafasi ya kusomea ualimu. Orodha ilikuwa imechapwa kwa kompyuta mpya, na mbele ya jina lake palikuwa na sifuri.

Akaenda kaunta. "Ndugu, mimi nimepata sifuri. Hata moja mmeninyima?"

"Mama, hiyo sifuri ni nzuri," karani akasema.

"Sifuri nzuri iko wapi?"

Karani akamwonyesha neno dogo juu ya orodha: Amekataliwa. "Moja ni ndiyo, sifuri ni hapana. Wewe hukukataliwa."

Mama alikunja kidole kama anayehesabu, akakikunjua. "Sasa nimekubaliwa?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akapiga vigelegele. Akina mama wa Kiturkana waliokuwa wakingoja vitambulisho wakainuka, wakaruka na kuimba naye bila kuuliza sababu. Nami niliruka, na magoti yangu yanajua.

Alipotulia alimpa karani kalamu. "Andika kwa maneno."

"Kompyuta ndiyo imepanga hivyo, mama."

"Kompyuta haikulia."

Karani akaandika "Umekubaliwa" kwa herufi kubwa, akaendelea na jina lililofuata.

Ndugu zangu wa kompyuta, mtu akikubaliwa, mwambieni amekubaliwa. Hesabu tulishafanya shuleni.