Nanasi la Pambo katika Shamba la Mama Vero

Mwanangu, nimesahau mengi, lakini siku ya nanasi jekundu naikumbuka hadi leo. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa elimu ya mimea hapa Kisangani, nikijua majina mawili matatu ya Kilatini na kuvimba kichwa tele. Jirani yetu wa mtaa wa Kabondo, Mama Vero, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amefyeka shamba dogo nje ya mji. Aliniomba nimtafutie vichipukizi vya nanasi, maana matunda hayo ndiyo yangewalisha wanawe.

Sikwenda mbali. Mtunza bustani wa nyumba moja kubwa alinipa gunia zima. Majani marefu yaliyopangika duara, kingo zenye miiba. Nikasema nanasi ni nanasi. Mmea mmoja ulikuwa na tunda changa, jekundu la kung'aa. Nililiona, mwanangu, na shaka ikanigonga moyoni. Nikajiambia litabadilika likikomaa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini msomi mpya hasikii wahenga.

Mama Vero alipanda, akapalilia zaidi ya mwaka. Siku ya kuonja tukaenda wote, mimi, yeye na wanawe. Matunda yalikuwa kama ngumi, mekundu yote. Alikata moja: mbegu nyingi, nyama kidogo, ukali wa kukunja uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunipigia kelele. Alikaa chini.

"Bon, basi, musomi, leta moja. Nielezee namna iko."

Nikaeleza. Chini ya kila jicho la tunda kulikuwa na jani jekundu, refu, lenye meno, likilifunika jicho; kwenye nanasi la kula jani hilo ni fupi na hunyauka. Miiba ya hili la pambo ilikuwa mikubwa, imeachana. Ya nanasi la kula ni midogo, imesongamana, na aina nyingine zina miiba nchani tu. La kula ni nadra kuwa na mbegu. Yote mawili yana kilemba cha majani juu, na hicho ndicho nilichokitazama peke yake.

"Donc, basi, macho uko nayo," akasema. "Uliona hii rangi mbele ya kupanda?"

"Niliona, Mama."

"Na haukuuliza mutu?"

Nililia kama mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki, basi tuling'oa shamba lote pamoja. Kisha akanituma kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, hadi Isangi, kwa kaka yake, nikalete vichipukizi vya kweli. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi.

Kaka huyo alinipokea akicheka. "Vero alituma habari. Eti ni yeye alichagua mbaya, wewe ulimukataza, akakataa kusikia!"

Ndipo nikajua kwamba Mama Vero alikuwa amejitwika kosa langu.

Basi, mwanangu, mimea ndugu ikifanana, ichunguze kiungo kwa kiungo kabla hujapanda chochote katika shamba la mtu. Shaka ikikugonga moyoni, itamke siku hiyohiyo, hata kama itakushusha, kwa maana majuto ni mjukuu. Na ukishakuwa mkubwa, mdogo wako akakosea, mkemee mkiwa wawili, umsitiri mbele ya watu.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza. Na siku utakapokosa, akukutanishe na mtu kama Mama Vero.